Moyo wa Mjamzito Unaposimama: Dakika Tano za Kwanza na Saa Zinazofuata

Mwongozo huu ni wa wauguzi, wakunga, matabibu na madaktari wa leba, wodi ya wazazi, mapokezi ya dharura na thieta, hasa katika hospitali za wilaya na vituo vya afya vinavyofanya upasuaji. Tunachukulia kwamba msomaji anajua kukandamiza kifua na kumpumulisha mtu mzima wa kawaida. Tutaeleza kinachobadilika mgonjwa anapokuwa na mimba kubwa, na pia yale yasiyobadilika ingawa wengi hudhani yanabadilika.

Tuanze na saa. Kati ya Julai 2011 na Juni 2014, watafiti wa Uingereza walifuatilia wajawazito wote nchini humo ambao moyo ulisimama. Walikuwa 66, na 28 kati yao walifariki. Wanawake 49 walipasuliwa mtoto atolewe wakati moyo ukiwa umesimama. Kwa walionusurika, muda wa kati tangu kuanguka hadi kupasuliwa ulikuwa dakika 3. Kwa waliofariki ulikuwa dakika 12. Hospitali zetu si kama zile, lakini ubongo wa mama wa Sumbawanga au Kilifi unakosa oksijeni kwa kasi ileile. Kwa hiyo mengi ya mwongozo huu yanazunguka jambo moja: upasuaji uanze kuandaliwa sekunde ile mnapogundua moyo umesimama, na ufanyike palepale alipo mama.

Tumbo linavyozuia damu kurudi

Mimba ikifika wiki 20 hivi, mfuko wa uzazi hufika usawa wa kitovu. Kuanzia hapo, mama akilala chali, uzito wa tumbo huubana mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni kutoka miguuni na nyongani, na huibana pia aota, yaani mshipa mkubwa unaotoa damu moyoni kwenda mwilini. Akiwa mzima, mwili hutafuta njia nyingine. Moyo ukishasimama, njia hizo hazitoshi: unakandamiza kifua vizuri kabisa, lakini moyo unaoukandamiza una damu kidogo mno ya kusukuma.

Mapafu nayo yamebadilika. Matumizi ya oksijeni yamepanda kwa asilimia 20 hivi, na hewa inayobaki kwenye mapafu baada ya kutoa pumzi imepungua kwa kiwango kama hicho. Ndiyo maana mjamzito aliyeacha kupumua hushuka oksijeni haraka kuliko mgonjwa mwingine yeyote mtu mzima wodini. Koo limevimba kidogo na hutoka damu kwa urahisi, na chakula hupanda kutoka tumboni. Damu yake, kwa upande mwingine, imeongezeka kwa asilimia 40 hadi 50, hivyo anaweza kupoteza nyingi huku presha ikionekana njema. Wengi wanaosemekana "wameanguka ghafla" walikuwa wakivuja damu kwa saa nzima, na mapigo ya moyo yalikuwa yakipanda polepole kwenye chati bila mtu kuyatilia maanani.

Seti inayokaa wodini

Kisu kilichofungiwa kabatini thieta hakina msaada kwa mama aliyeanguka leba. Andaa kifurushi kimoja kilichotakaswa, kifungwe kwa utepe kwenye toroli ya dharura. Ndani yake kiwe na kisu cha upasuaji chenye mpini, blade namba 10 au 22. Mkasi wenye ncha butu. Koleo mbili za kubania kitovu na nyingine mbili za kubania mishipa. Gozi kubwa za tumbo. Na uzi mnene unaoyeyuka, namba 1. Kando yake weka glavu, taulo mbili kavu, na mfuko wa kumpumulishia mtoto mchanga wenye barakoa namba 0 na 1.

Kwa kweli kinachohitajika ili kuanza ni kisu tu. Vingine vinasaidia, lakini asitokee mtu akasubiri mkasi.

Toroli hiyohiyo iwe na adrenalini, kalsiamu glukoneti, asidi ya traneksamiki (dawa ya kupunguza kuvuja damu), kanula, yaani mirija ya kuingiza dawa mshipani, za rangi ya machungwa na kijivu (14 na 16), na ubao mgumu wa kuweka chini ya mgongo. Magodoro ya wodi zetu ni laini, na vitanda vingine vya chuma vimelegea katikati. Ukikandamiza juu ya godoro la namna hiyo, unachobonyeza ni sponji, kifua kinabaki vilevile. Kama ubao haupo, mshusheni mama sakafuni.

Sekunde 60 za kwanza

1. Mtikise mabega, mwite kwa sauti. Angalia kama anapumua na papo hapo gusa mshipa wa shingo, isizidi sekunde 10. Kuhema kwa kukwamakwama, mara moja kila baada ya sekunde kadhaa, si kupumua. Hapo wengi hudanganyika.

2. Paza sauti kwa maneno ambayo mmekubaliana mapema, kwa mfano: "Moyo umesimama, mjamzito, leba!" Wito huo uwafikie watu wanne kwa pamoja: timu ya dharura, anayeweza kufanya upasuaji, mtaalamu wa usingizi, na wa kumpokea mtoto. Kuwaita mmoja baada ya mwingine hula dakika ambazo hamna.

3. Andika saa kwa kalamu ya rangi ukutani, kwenye shuka, au mkononi mwako. Mtu mmoja awe mtunza muda tangu hapo, na atangaze kila dakika kwa sauti: "Dakika ya pili imetimia." Bila sauti hiyo, watu hodari kabisa huamini zimepita dakika mbili kumbe ni saba.

4. Mlaze chali, ubao mgumu chini, anza kukandamiza.

5. Mtu wa pili aweke mikono tumboni.

6. Seti ifunguliwe na kisu kiwe tayari, hata kama hamjaamua kukitumia.

Mikono ya tumboni

Hili ndilo linalosahaulika mara nyingi kuliko yote, na halihitaji kifaa chochote. Pitisha kiganja juu ya tumbo. Kama kilele cha mfuko wa uzazi kiko usawa wa kitovu au juu yake, usogezeni kushoto kwa mama na mbaki hivyo bila kuachia hadi mtoto atoke. Usianze kutafuta kadi ya kliniki ili kuhesabu wiki. Kwa mama mnene ambaye kilele hakipatikani kwa urahisi, chukulia kwamba ni mimba kubwa.

Ukisimama kushoto kwa mama, nyoosha mikono miwili juu ya tumbo, kamata upande wa kulia wa mfuko wa uzazi kwa viganja, kisha vuta juu na kuelekea kwako. Hii ndiyo njia bora, na inampisha anayekandamiza kifua. Ukilazimika kusimama kulia, sukuma kwa mkono mmoja kwenda juu na kushoto.

Neno "juu" hapo lina uzito. Ukisukuma kuelekea chini, upande wa uti wa mgongo, unazidisha kulibana lile shina la damu ulilotaka kulifungua. Mkufunzi akague hili kwa macho yake kila mazoezi yanapofanyika.

Wengi tulifundishwa kumlaza mama kwa ubavu, mto au blanketi likiwekwa chini ya nyonga ya kulia. Kwa mama anayepumua hilo ni sahihi, na bado ndilo la kufanya. Wakati wa kukandamiza kifua si sahihi tena: mwili huteleza, nguvu ya mikono hupotea pembeni, na kumwekea mrija wa hewa huwa vigumu. Wakati huo alale chali kabisa, kazi ya kuondoa uzito ifanywe kwa mikono.

Kifua, hewa, umeme na dawa

Weka kiganja nusu ya chini ya mfupa wa kidari, palepale unapoweka kwa mtu mwingine. Zamani ilishauriwa kupandisha mikono kidogo kwa sababu ya tumbo. Ushauri huo umeachwa. Bonyeza angalau sentimita 5, usizidi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na ukiachie kifua kirudi chote kabla ya kubonyeza tena. Badilishaneni kila dakika 2 hata kama anayekandamiza anasema hajachoka, maana kina hupungua kabla mtu hajahisi uchovu.

Mpe pumzi 2 kila baada ya mikandamizo 30, ukitumia mfuko wa kupumulisha uliounganishwa na oksijeni iliyofunguliwa hadi mwisho. Mtu mmoja ashike barakoa kwa mikono miwili, mwingine abonyeze mfuko kwa sekunde moja tu, hadi kifua kiinuke basi. Kubonyeza kwa nguvu kunajaza hewa tumboni na kumtapisha. Mrija wa hewa uwekwe na mzoefu kuliko wote waliopo, namba 6.0 hadi 7.0, majaribio yasizidi mawili. Yakishindikana, tumia kifaa cha kukaa juu ya koo au rudi kwenye barakoa. Usipitishe mrija puani, damu itaharibu kila kitu. Mrija ukishakaa, pumzi ni moja kila sekunde 6 na mikandamizo haisimami tena.

Mashine ya kushtua moyo itumike kama kwa mgonjwa mwingine yeyote, kwa kipimo kilekile: jouli 120 hadi 200 kufuatana na maelekezo ya mashine za kisasa, au 360 kwa zile za zamani za mkondo mmoja. Umeme huo haumdhuru mtoto kiasi cha kukufanya usite, na kusita kunawaua wote wawili. Pedi ya pembeni ikae chini ya titi, isiwe juu yake. Kama mama alikuwa amefungwa vipimo vya mapigo ya mtoto, viondolewe. Vinachukua nafasi na vinavuta macho ya watu mahali pasipostahili.

Kanula mbili kubwa ziwekwe mikononi au shingoni. Dawa iliyotiwa mguuni inakwama chini ya tumbo. Ndivyo ilivyo hata kwa sindano ya kwenye mfupa: tumia bega, acha muundi.

Adrenalini ni miligramu 1 mshipani kila dakika 3 hadi 5, ikifuatwa na mililita 20 za maji ya chumvi na mkono kuinuliwa. Kama mapigo yanayoonekana kwenye mashine si ya kushtuliwa kwa umeme, itoeni papo hapo. Kama ni ya kushtuliwa, umeme hutangulia, na mshtuko wa tatu ukishindwa ongeza amiodaroni miligramu 300, baadaye 150. Hakuna dawa ya kufufua inayozuiwa kwa sababu ya mimba, na hakuna kipimo kinachopunguzwa.

Dakika ya nne: kisu

Kumtoa mtoto ni tiba ya mama. Tunalisema waziwazi kwa sababu timu nyingi hukwama kwa kujiuliza kama mtoto yuko hai. Hata mtoto akiwa amefia tumboni, kuutoa mzigo ule hurudisha damu moyoni, hulegeza mapafu, na huipa mikandamizo ya kifua nguvu iliyokosekana. Kwa hiyo usimsikilize mtoto kwa pinadi (kile kipembe cha kusikilizia mapigo ya mtoto) wala kwa mashine. Jibu lolote utakalolipata halibadilishi uamuzi.

Kanuni ni hii: kilele cha mfuko wa uzazi kiko kitovuni au zaidi, na mapigo hayajarudi, basi mkato uanze si baada ya dakika ya 4 na mtoto awe nje ifikapo dakika ya 5. Hakuna sharti la kungoja dakika hizo nne zitimie. Ikiwa mama ana jeraha ambalo ni wazi hatapona, au mapigo si ya kushtuliwa na mpasuaji amesimama pale na kisu mkononi, anza. Na mkichelewa, msiache. Watoto wameokolewa baada ya muda mrefu zaidi, na mama naye ananufaika hata dakika 10 au 15 zikiwa zimepita.

Chini ya wiki 20 mfuko ni mdogo kiasi kwamba kuutoa mzigo hakusaidii. Endeleeni na ufufuaji wa kawaida.

Msimhamishe kwenda thieta. Kumwinua, kumpandisha kwenye machela, kuvuka korido na kumshusha ni kupoteza dakika tano na mikandamizo yote iliyokusudiwa kufanyika ndani yake. Taa ya kawaida inatosha. Ganzi haihitajiki kwa kuwa mama hana fahamu. Kuhusu kusaini fomu: hii ni hatua ya kuokoa maisha, na mume au mama mkwe aliye nje ya mlango ajulishwe na mtu mmoja aliyetengwa kwa kazi hiyo, bila mkato kusubiri jibu lake.

Mpasuaji avae glavu. Kama kuna chupa ya dawa ya kuua vijidudu karibu, imwagwe tumboni mara moja. Kama haipo, endelea. Mrija wa mkojo usubiri.

Kisha:

1. Mkato wima katikati ya tumbo, kuanzia sentimita 4 au 5 chini ya ncha ya kidari hadi mfupa wa kinena. Mpasuaji aliyezoea mkato wa chini wa kulala na anayeufanya kwa kasi anaweza kuutumia. Ubora wa mkato hapa unapimwa kwa sekunde. Damu itakuwa kidogo sana kwa sababu mzunguko umesimama. Isikushangaze, wala usipoteze muda kubana mishipa.

2. Fungua tabaka kwa kisu hadi ndani ya tumbo. Kibofu kikiwa kimejaa na kiko njiani, kisukume chini kwa kiganja.

3. Kwenye mfuko wa uzazi kata wima sehemu ya chini, sentimita 5 hivi, kwa uangalifu usimfikie mtoto. Ingiza vidole viwili ndani vimkinge, kisha panua mkato kwenda juu kwa mkasi. Ukikuta kondo la nyuma mbele yako, lipitie.

4. Mtoe mtoto, bana kitovu mara mbili, kata katikati, mkabidhi.

5. Toa kondo kwa mkono, futa ndani kwa gozi, na uulize mara moja: "Mapigo yamerudi?"

6. Shona mfuko kwa uzi mnene, mshono wa kufuatana unaojifunga, tabaka moja. Kama mapigo bado, au kama huna uhakika wa kushona, jaza gozi ndani na tumboni, hesabu idadi yake kwa sauti, na endeleeni na kifua.

Muda wote huo anayekandamiza haachi. Mikono miwili iko kifuani, kisu kiko sentimita chache chini yake, na watu wana haraka. Hapo ndipo watumishi hujikata. Mpasuaji atangaze "nakata" na "kisu kiko chini", na kisu kiwekwe kwenye trei moja inayojulikana, kisipokezanwe mkono kwa mkono.

Njia moja inayokubalika badala ya mkato: njia ya uzazi imefunguka kabisa, kichwa kimeshuka chini sana, na yupo mzoefu wa kuvuta kwa vakyumu anayeweza kumtoa mtoto ndani ya dakika hizohizo. Mashaka yoyote hapo, rudini kwenye kisu.

Mtoto

Mpokeaji asiwe miongoni mwa wanaomhudumia mama. Amkaushe, amfunike joto, asafishe njia ya hewa kama imeziba, na kama hapumui aanze kumpumulisha ndani ya ile dakika ya kwanza tunayoiita ya dhahabu, pumzi 40 hivi kwa dakika. Watoto wengi wa aina hii wanahitaji hewa tu. Kama baada ya kupumulishwa vizuri kwa sekunde 30 mapigo bado ni chini ya 60, kandamiza kifua mara 3 kwa kila pumzi 1.

Tafuteni kilichousimamisha moyo

Mtu mmoja aliyesimama kando, mikono ikiwa mitupu, apewe kazi ya kufikiri tu. Wajawazito wengi ni vijana wenye mioyo mizima. Moyo umesimamishwa na jambo fulani, na mara nyingi jambo hilo lina tiba.

Damu inakuja kwanza. Angalia ukeni, chini ya shuka, na kumbuka damu iliyojificha nyuma ya kondo lililobanduka au tumboni kwa mfuko uliopasuka, hasa kwa mama mwenye kovu la upasuaji au aliyekaa na uchungu kwa siku nzima nyumbani. Adrenalini juu ya mishipa mitupu haifanyi kazi. Leteni damu ya O hasi, au O yoyote iliyopo kama maisha yanakatika, mfungulie majimaji kwa kasi, na mpe asidi ya traneksamiki gramu 1 mshipani kwa dakika 10.

Magnisiamu salfeti, dawa ya kifafa cha mimba, inafuata, kwa sababu inatokana na mikono yetu wenyewe na inatibika. Makosa ya kuchanganya yanajulikana: chupa ya asilimia 50 inatolewa kana kwamba ni ya asilimia 20, au dozi ya kila saa 4 inarudiwa kwa mama ambaye mkojo umekauka. Kabla ya kila dozi pima pumzi (16 au zaidi kwa dakika), mruko wa goti, na mkojo (angalau mililita 30 kwa saa). Mama wa kifafa cha mimba akisimama moyo akiwa kwenye dawa hii, izimeni na mpeni kalsiamu glukoneti ya asilimia 10, mililita 15 hadi 30 mshipani kwa dakika 2 hadi 5, bila kusubiri kipimo cha maabara. Kama moyo bado unapiga na tatizo ni pumzi zilizofifia, mililita 10 kwa dakika 3 pamoja na kumsaidia kupumua.

Ganzi ya mgongoni iliyopanda juu mno inatoa taarifa kabla. Mama anasema mikono imekufa ganzi, sauti inakuwa ya kunong'ona, mapigo yanashuka. Katika ule ufuatiliaji wa Uingereza, wanawake 16 walisimama moyo kwa sababu ya ganzi au usingizi peke yake, na wote walipona. Mpumulisheni, inueni presha, na atarudi. Kama ni dawa ya ganzi iliyoingia kwenye damu, emalshani ya mafuta ya asilimia 20 hutolewa mililita 1.5 kwa kila kilo, pale inapopatikana.

Mengine ya kupitia haraka: donge la damu kwenye mapafu, maji ya uzazi kuingia kwenye damu, ambapo mama hukosa hewa ghafla wakati wa uchungu na baadaye damu hukataa kuganda, maambukizi makali, malaria kali, upungufu mkubwa wa damu na sukari iliyoshuka (pima, na ikiwa chini mpe dekstrosi). Ugonjwa wa valvu za moyo unaotokana na homa ya baridi yabisi bado ni mwingi kwetu, na wapo wanaogundulika leba kwa mara ya kwanza. Pia moyo uliotanuka mwishoni mwa mimba. Hao, mapigo yakirudi, usiwafurikishe kwa dripu. Kwa aliyeanguka na bodaboda au kupigwa, kumbuka hewa iliyonaswa kifuani, na kumbuka kwamba kiwambo chake, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo, kimepanda sentimita 4 hivi: mrija wa kifua uwekwe nafasi moja au mbili za mbavu juu zaidi ya kawaida, la sivyo utachoma ini.

Mapigo yakirudi

Furaha ya hapo hupumbaza, nayo ndiyo saa ya kuvuja damu. Mkato ambao haukutoa tone sasa unafungua mabomba yote. Mpasuaji arudi kwenye mshono, abane mishipa ya ukuta wa tumbo aliyoiruka, akandekande mfuko. Oksitosini ni ya lazima lakini itolewe polepole kwenye dripu. Ikisukumwa yote kwa mkupuo inaangusha presha na inaweza kuusimamisha moyo tena. Misoprostoli mikrogramu 800 chini ya ulimi haifai kwa asiye na fahamu. Iwekwe njia ya haja kubwa. Antibayotiki sasa: sefazolini gramu 2, au ampisilini gramu 2. Mrija wa mkojo sasa.

Lengeni presha ya juu isiyopungua 90, oksijeni kati ya asilimia 94 na 98, joto lisipande kupita nyuzi 37.5, na sukari ipimwe kila saa. Degedege litibiwe. Kama mapigo yalirudi kabla ya kupasuliwa na mimba bado ipo, mlaze ubavu wa kushoto kabisa. Baada ya hapo ndipo thieta na rufaa zinapoingia.

Mkiwa wawili tu usiku

Mwongozo wa watu wanane hausaidii zamu yenye muuguzi na mhudumu. Mmoja akandamize kifua na kutoa pumzi, mwingine akishapiga simu avute tumbo kushoto. Mhudumu wa usafi, mlinzi, hata ndugu wa mgonjwa anaweza kuonyeshwa kwa sekunde 10 jinsi ya kuvuta tumbo, nayo mikono ya muuguzi ikabaki huru kwa kanula na adrenalini. Kituo kisicho na mpasuaji kiite usafiri mapema. Tanzania namba ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga, ni 115, bila malipo. Lakini msianze safari na mama asiye na mapigo mkitarajia kumkandamiza kifua ndani ya gari kwenye barabara ya vumbi. Daktari msaidizi au tabibu aliyefunzwa upasuaji wa uzazi na aliye karibu afuatwe aje alipo mama, kwa pikipiki ikibidi.

Mazoezi na kufunga zamu

Fanyeni zoezi la dakika 10 kila miezi mitatu, katika wodi ileile, na watumishi walioko zamu, bila kutangaza. Mdoli si lazima: mto juu ya godoro na taulo lililokunjwa kama tumbo vinatosha. Pimeni mambo matatu tu kwa saa: sekunde hadi mkandamizo wa kwanza, sekunde hadi mkono wa kwanza tumboni, na dakika hadi mtu ashike kisu. Namba hizo zibandikwe ukutani ofisi ya wauguzi.

Baada ya tukio halisi, daktari wa zamu akae na familia mwenyewe, aeleze kilichofanyika na kwa nini tumbo lilipasuliwa wodini, kabla uvumi haujafika nyumbani. Kumbukumbu za mtunza muda ziambatishwe kwenye faili kwa ajili ya kikao cha kupitia vifo vya uzazi, au kwa ajili ya kujifunza kama mama amepona. Na kabla ya kukabidhi zamu, kifurushi kipya chenye utepe mzima kirudishwe kwenye toroli.